Mkono wa roboti umekuwa mrefu kuliko jengo la KICC, Nairobi

fundi_kariobangi: Wadau, nimechora mkono wa roboti wa milimita 600 kwenye FreeCAD (programu ya kuchora vifaa), nikautoa kama faili ya STL, nikaigeuza OBJ, aina nyingine ya faili ya 3D. Ndani ya Unity (programu ya kutengeneza michezo na maigizo ya 3D) umetokea mita 600, umelala chali, na laptopu inahema. Nimekosea wapi?

mama_bolti: Pole kaka. STL haisemi kama ni milimita au mita, ni namba tupu. Unity huisoma 600 kama mita. Zidisha kwa 0.001. Umelala kwa sababu kwenye FreeCAD mhimili wa juu ni Z, kwenye Unity ni Y. Na laptopu kuhema, je, skurubu umezichora na nyuzi zake?

fundi_kariobangi: Zote 48. 🙈 Nimezifuta, sasa laptopu inateleza. Lakini kiwiko hakikunji.

mama_bolti: STL ni ganda moja, haijui kiwiko. Toa kila kipande peke yake, viungo uvieleze kwenye URDF, faili inayoeleza vipande vya roboti na jinsi vinavyoungana.