Naomba ushauri: nimepata uhamisho Songea, familia niiache Dar?

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanajeshi, cheo kapteni, nina mke na watoto wawili tunaishi kota hapa Lugalo, sasa nimepata uhamisho kwenda Songea na kota inabidi tuiachie. Mkubwa yuko kidato cha tatu, wife ana duka la vitenge Mwenge ndo kwanza linachangamka (mtaji wenyewe mkopo wa kikoba), na nyumba yetu ya Chanika haina hata bati. Nishaongea nae mara mbili tunaishia kununiana. Nilivyorudi kutoka kulinda amani Darfur, Sudan, mtoto mdogo alikuwa ananiita anko, hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Mliopitia hili, niwapangishie Dar mpaka mtoto amalize fomu foo au tuhame wote? Na kumhamisha shule sahivi haitamvuruga kwenye mtihani?