Picha za Malindi kutoka kwenye sanduku la Babu

*Ami (Mombasa):* Assalam alaykum jamaa. Leo nimelifungua lile sanduku la marehemu baba. Mna postikadi za Malindi ya zamani, nyeusi na nyeupe. Nazituma moja moja.
[Picha]

*Dada (Muscat):* Wa alaykum salaam Ami. Mashallah! Ni wapi hapa?

*Ami:* Mbele ya Lawford's, hoteli ya tangu 1934. Tazama ufuo ulivyo mtupu, mwavuli mmoja tu.

*Shangazi (Malindi):* Na maji yalivyo safi! Siku hizi mvua ikinyesha bara, Sabaki yashuka na udongo, bahari yote nyekundu.

*Ami:* Dadangu, matope hata enzi zetu yalikuwako. Picha isiyo na rangi haionyeshi udongo.

*Kijana (Kilifi):* Ami, nimeikuza. Huyo wa pembeni mwenye sinia ni nani?

*Ami:* Ndiye yeye. Babu yako. Mpiga picha alikuwa na haja na hoteli, akamkata bega. Hiyo tarbushi hapo yaonekana nyeusi, lakini ilikuwa nyekundu. Nimeishika kwa mikono yangu.

*Dada:* Ya Rabi. Uso wa mwanangu huo! Nalia hapa kazini.

*Shangazi:* Niko na Bibi, nimemwonyesha. Asema, naandika kama alivyosema: "Huo ufuo mimi sikuukalia hata siku moja. Hoteli ilikuwa ya Wazungu. Nikija kumwona babenu napita nyuma, mlango wa jikoni. Sisi pwani yetu ilikuwa kule kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, siku ya Idi, na mahamri yetu kwenye kikapu."

*Kijana:* Sikuyajua haya. Na mimi nilikuwa naona uzuri tu.

*Ami:* Uzuri upo, mwanangu. Mimi inayonitoa machozi ni hii.
[Picha]
Feri ya Mtwapa. Kutoka Mombasa ulivuka Nyali kwa lile daraja la kuelea, ukafika Mtwapa feri ikavutwa kwa mnyororo, wanaume wakiimba. Kisha Kilifi feri nyingine, foleni, korosho na madafu, jua la utosi. Niliketi mapajani mwa baba nikiuimba ule wimbo mpaka Malindi. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991 nilifurahi kama kila mtu, lakini tangu hapo safari imekuwa ni kufika tu.

*Dada:* Wimbo waukumbuka Ami?

*Ami:* Sauti yake naikumbuka. Maneno yamenipotea. Baba ndiye aliyeyajua.

*Shangazi:* Bibi ataka ile ya sinia ichapishwe kubwa, itundikwe chumbani kwake. Asema mwambie wa studio aikate hoteli, ambakishe babenu.

*Ami:* Mwambie nitaipeleka kesho asubuhi inshallah.

*Shangazi:* Asema tena, na bahari kidogo nyuma yake.