Tupeane uzoefu: mechi ya Taifa Stars (Tanzania) na Harambee Stars (Kenya) ambayo haijakutoka moyoni

Kona ya Kushoto
Wadau, juzi mpwa wangu wa darasa la sita kaniuliza, "Anko, AFCON ya 2027 tukikutana na Kenya nani anashinda?" Nikamjibu palepale kwamba tunashinda sisi. Halafu nikashindwa kumalizia chai, maana kilichonijia kichwani ni Cairo, 27 Juni 2019. Mnaijua. Dakika ya 6 Msuva katupia, Olunga kasawazisha kwa tikitaka dakika ya 39, dakika moja baadaye Samatta katurudisha mbele. Mapumziko 2-1. Mimi nilishaanza kupiga hesabu za hatua ya mtoano. Kilichofuata sikisemi.

Kwa kuwa AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, tunaiandaa sote, sisi, Kenya na Uganda, naomba kila mtu amwage lake. Mechi ipi ya watani hawa ilikukaa, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani.

Shangazi wa Tanga
Mimi siku ile nililala na jezi. Naishia hapo.

Mzee wa Kirumba
Ninyi mnaiona 3-2 ya Cairo ndiyo ya kwanza. Vijana, sisi wa Mwanza tuliinywa mapema. Fainali ya Chalenji 2002, kombe la Afrika Mashariki na Kati, uwanja wa CCM Kirumba, nyumbani kabisa, watu wamejaa mpaka juu ya mawe ya nje. Kenya 3, Tanzania 2. Kombe likapandishwa basi mbele ya macho yetu. Nilitembea kutoka uwanjani hadi Igoma sijasema neno, na mwenzangu hajasema neno, tukaagana kwa kuinua mkono tu. Kwa hiyo kule Cairo, Omolo wa Kenya aliposawazisha dakika ya 62, mimi nilizima redio. Nilijua tunakoelekea.

Damu ya Harambee
Shikamoo mzee. Nawasalimu kutoka Nakuru. Nimesoma hapo juu nikatabasamu, lakini niseme ukweli: mpaka Olunga alipofunga la pili dakika ya 80, mimi nilikuwa nimepiga magoti sebuleni nikiomba. Sisi pia tuliteseka, ni vile tu mwisho ulikuwa mtamu.

Kona ya Kushoto
Marahaba kwa niaba ya mzee. Karibu jirani, lakini kaa karibu na mlango.

Wa Sirari
Sikutaka kuandika hili. Nimeandika nikafuta mara mbili. Ila mzee wa Kirumba kanigusa, ngoja niseme.

Sisi kwetu ni Sirari, mpakani na Kenya. Anayepajua anajua kwamba Sirari na Isebania ya upande wa Kenya ni kama chumba na sebule. Wakurya tuko pande zote. Mama yangu ni wa Sirari, kaka yake, mjomba wetu, ana duka la vipuri Isebania, kachukua uraia wa kule tangu zamani. Sikukuu tunakula pamoja, misiba tunazika pamoja. Kitu kimoja tu hatukai pamoja, mpira.

Siku ile mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu. Tulikuwa banda umiza moja, banda la kuonyeshea mpira, karibu na stendi, mabenchi ya mbao, kiingilio mia tano, jenereta nje linanguruma maana umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mjomba kavuka na vijana wake watano, wamekaa benchi la mbele upande wa kushoto. Mdogo wangu kakaa nyuma yao. Mdogo wangu alikuwa bodaboda, pikipiki ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu elfu saba kwa tajiri, na ilikuwa imebaki miezi miwili tu iwe yake.

Mapumziko, tunaongoza 2-1. Kelele za banda lile sijazisikia tena. Mdogo wangu akasimama, akamgonga mjomba begani, akasema, "Mjomba, leo mnalala." Mjomba akamjibu taratibu bila kugeuka, "Mpira dakika tisini, mwanangu. Unaamini sana, weka kitu." Dogo akatoa ufunguo mfukoni. Akauweka juu ya benchi, kati ya mjomba na chupa ya soda. Mjomba naye akaweka simu yake na noti za shilingi za Kenya, sikuzihesabu. Nilimshika dogo mkono nikamwambia ile si yako bado. Akanitoa mkono.

Bao la Omolo, banda likanyamaza upande wetu. Mimi sikuangalia tena skrini, niliangalia ufunguo. Una kamba nyekundu ya kiatu, dogo aliifunga ili usipotee. Kama saa sita na dakika arobaini hivi nikasikia upande wa kushoto umelipuka. Nikajua ni Olunga bila kutazama. Mkono wa mjomba ukashuka kwenye benchi polepole, ukachukua kamba nyekundu.

Mpira ulipoisha nikadhani atacheka na kuurudisha. Hakucheka. Alimwambia dogo, "Hii itarudi siku Stars itakapoishinda Harambee. Kabla ya hapo usinifuate." Akapiga stata, akavuka mpaka na pikipiki, vijana wake wanatembea nyuma wakiimba. Mdogo wangu alikaa kwenye lile benchi mpaka mwenye banda alipozima jenereta.

Bodaboda Mstaafu
Hapana hapana. Ile pikipiki ni mali ya tajiri mpaka mkataba uishe. Huwezi kuweka dau kitu kisicho chako. Mjomba alipaswa kulijua hilo, mtu mzima na duka lake la vipuri.

Damu ya Harambee
Na kama Tanzania ingeshinda, simu ya mjomba na pesa mngerudisha? Semeni ukweli.

Bodaboda Mstaafu
Usitoroke swali. Mjomba wa mtu hamnyang'anyi mpwa wake pikipiki usiku wa manane akamwacha na deni la elfu saba kila kukicha. Mjomba ni mama wa kiume!

Shangazi wa Tanga
Wa Sirari, tajiri alisemaje? Usituache hewani.

Mama Wawili
Nimeolewa na Mkenya mwaka wa kumi na mbili huu, tunaishi Arusha. Ushauri wangu kwa ndoa mchanganyiko: siku ya mechi hii pikeni mapema, leni pamoja, halafu kila mmoja akaangalie kwake. Mimi naenda kwa dada, yeye anabaki na watoto. Tukikutana asubuhi tunasalimiana kama wageni mpaka jioni. Imetusaidia.

Kona ya Kushoto
Mimi naona kinyume chake. Kaeni kochi moja. Ukimtazama mwenzako anavyoumia, ushindi wako hauwi na jeuri.

Mama Wawili
Hujaolewa wewe.

Damu ya Harambee
Turudi kwenye 2027 kidogo. CHAN, ile michuano nyingine ya Afrika, ya Agosti 2025 wenyeji walitenganishwa: sisi kundi A uwanja wa Kasarani Nairobi, Tanzania kundi B uwanja wa Mkapa Dar, Uganda kundi C Kampala. Wakifanya vile tena, tutakutana kwenye mtoano tu. Na mnakumbuka tulivyokaribia? Kama sisi na ninyi tungeshinda robo na nusu, fainali ilikuwa Kenya na Tanzania, Kasarani. Badala yake 22 Agosti tukatoka wote siku moja. Sisi Madagascar kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, ninyi Morocco 1-0. Ile jioni nililala njaa, na niliposikia nanyi mmefungwa sikufurahi hata kidogo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuihurumia Taifa Stars.

Mzee wa Kirumba
Umesema vizuri kijana. Lakini CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani. AFCON ni nyingine, wanarudi wote wa nje. Na hapo niulize: tangu 2019 Kenya mmeonekana AFCON ipi? Sisi tulikuwa Ivory Coast, tukaenda Morocco, tukaingia 16 bora.

Damu ya Harambee
Mzee, kwa heshima zote, mliingia 16 bora bila kushinda mechi hata moja. Sare mbili. Na sisi mechi moja tuliyoshinda AFCON ile ya 2019 mnajua tulimfunga nani.

Mzee wa Kirumba
Sare na Tunisia si ya kuokota.

Kona ya Kushoto
Tafadhali jamani. Wa Sirari amalizie.

Wa Sirari
Samahani, nilikuwa kazini. Tajiri alikuja siku ya tatu. Mama akamweleza ukweli wote, hakuficha. Tukauza mbuzi wawili na mimi nikawa nalipa hesabu nusu, dogo anabeba tofali kutwa kupata nusu nyingine. Mama akaacha kupokea simu za kaka yake. Ikipigwa, anaiangalia inaita mpaka inakata.

Sasa sikilizeni. Mwezi mmoja tu baadaye, ratiba ya kufuzu CHAN ikatukutanisha tena na Kenya. Dar 0-0. Jumapili tarehe 4 Agosti marudiano Kasarani, 0-0 tena. Dakika 180 hakuna goli. Matuta. Kaseja yuko langoni. Mdogo wangu hakwenda bandani, alisikiliza kwenye simu nyuma ya choo, peke yake. Tukashinda 4-1. Nilimkuta ameikumbatia ile simu, analia kwa sauti.

Usiku uleule akampigia mjomba. Mjomba akasema maneno mawili: "Matuta siyo." Akakata.

Bodaboda Mstaafu
Huyu mjomba huyu!

Damu ya Harambee
Mimi hapa niko na mjomba. Kitabu cha rekodi kinaandika sare, matuta ni njia ya kuamua nani aende mbele. Ahadi ilisema "itakapoishinda". Hamkushinda, mlipita.

Shangazi wa Tanga
Alipita nani akacheka, alibaki nani akalia? Ushindi ni ushindi.

Visiwani Bado
Nimekaa kimya muda wote huu nasoma, sasa mmenichokoza. Kama matuta si ushindi, sisi Zanzibar Heroes tunaomba kombe letu. Desemba 2017, Machakos, fainali ya Chalenji, 2-2, kipa wa Kenya Matasi akapangua matuta, Kenya wakabeba 3-2. Nilisafiri kwa basi kutoka Dar kwenda kushuhudia. Wanangu nimewahadithia mpaka wameichoka. Kesho asubuhi namtuma mtu Nairobi na gunia la kulibebea, Damu ya Harambee utampokea?

Damu ya Harambee
Nimenyamaza.

Mzee wa Kirumba
Kijana wa Visiwani, nimekupenda bure.

Damu ya Harambee
Sawa, nakubali. Kombe la Machakos tulilishinda, kwa hiyo na ninyi Kasarani mlishinda. Mjomba alikosea. Wa Sirari, nakuomba radhi mimi kwa niaba ya upande huu.

Mama Wawili
Ushauri mwingine: dau la chapati tu. Usizidishe chapati.

Bodaboda Mstaafu
Mimi nasema usiweke dau lolote, hata maji. Nimeona mtu kaweka godoro.

Kona ya Kushoto
Mpwa wangu ananisomea haya yote kwa sauti, anataka kujua pikipiki ilirudi au la.

Wa Sirari
Ilirudi. Siku tano baada ya matuta, jioni, tumesikia mlio wake kabla hatujaiona, kila mtu nyumbani aliujua ule mlio. Mjomba kaileta mwenyewe, tangi limejaa, tairi la nyuma jipya kutoka dukani kwake. Hakuja kwa dogo, alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama. Walikaa humo saa nzima na hatujui walisema nini. Alipotoka macho yake mekundu. Akampa dogo ufunguo na kamba yake nyekundu.

Ila kabla ya kuondoka akatoa spana mfukoni, akafungua kioo cha pembeni cha kulia, akakiweka kwenye koti. Akasema, "Hiki ni cha AFCON. Ndani ya dakika tisini."

Kipo dukani kwake hadi leo, kimening'inia juu ya kaunta. Dogo alimaliza mkataba, pikipiki ikawa yake, na hajawahi kununua kioo kingine. Mama naye kila akienda Isebania anakipangusa vumbi kwa kanga.

Shangazi wa Tanga
Kioo kirudi 2027.

Damu ya Harambee
Kikirudi, kitarudi kwa matuta.

Visiwani Bado
Usianze tena.