Mjadala: Ni sheria kali zinazofukuza kampuni za bima ya magari, au ni kitu kingine?

Mleta mada (Lowell, Massachusetts)

Wakuu, kila bei ya bima ya gari ikipanda hapa Massachusetts, nasikia hoja ile ile: serikali ya jimbo iondoe masharti yote, la sivyo kampuni zitafungasha virago. Napinga, na shahidi wangu ni jimbo hili hili.

Massachusetts ndilo lililotangulia Marekani nzima kulazimisha bima ya gari, mwaka 1927. Kisha kwa takriban miaka 30, hadi 2008, kamishna wa bima ndiye aliyekuwa akipanga bei. Kampuni kadhaa kubwa za kitaifa zikakaa mbali. Ungekuja kufanya biashara gani mahali ambapo bei yako umepangiwa, sawa na ya jirani yako? Soko likabaki mikononi mwa kampuni za hapa hapa, kama Commerce ya mji wa Webster.

Aprili 2008 utaratibu ukageuka. Kila kampuni ikaruhusiwa kujipangia bei, kamishna akibaki na mamlaka ya kuikataa. Kati ya zile kubwa za kitaifa, Progressive ikaingia mwaka huo, GEICO mwaka uliofuata. Lakini katazo la kupanga bei kwa kuangalia historia ya mikopo ya mteja, yaani rekodi ya jinsi anavyokopa na kulipa, halikuondolewa! Hadi leo hawaruhusiwi kukupandishia kwa sababu ya elimu yako, kazi yako au kwa kuwa nyumba umepanga. Masharti yalibaki, na kampuni zikaja.

Kwangu hili si la vitabuni. Mpwa wangu alipofika kutoka Tanga, alinunua Corolla kuukuu, tukakaa mezani jikoni kumtafutia bima. Hajawahi kukopa hata senti, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mikopo za nchi hii ni kama hayupo. Alitozwa nyingi kwa kuwa ni dereva mgeni, na hilo alilikubali. Adhabu ya pili, ya kutokuwa na madeni, hakupewa.

Mchangiaji (Nashua, New Hampshire)

Kaka, nimekusoma vizuri, ila umechagua mfano unaokufaa. Huku kwetu, nusu saa tu kutoka kwako, sheria hata haimlazimishi kila dereva kukata bima, na kampuni zimejaa. Mimi nalipa kidogo kuliko nilipokuwa Lowell. Halafu tazama New Jersey: kampuni zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine, na mwaka 2001 State Farm nayo ikatangaza kuondoka. Walipolegeza sheria mwaka 2003, GEICO ikarudi mwaka uliofuata. Hayo si matunda ya kulegeza?

Mleta mada

Dada, New Jersey umeitaja vyema, ila tuangalie walilegeza nini. Kampuni zilikuwa zinalalamika kwamba zinalazimishwa kumpokea karibu kila dereva anayebisha hodi, na kwamba maombi ya kubadili bei yanakaa muda mrefu bila jibu. Hayo ndiyo yaliyoguswa. California nako ni hivyo hivyo. Tangu wapiga kura wapitishe Proposition 103 mwaka 1988, bei mpya haitumiki bila idhini ya kamishna. Miaka na miaka kampuni zikafanya biashara chini ya sheria hiyo. Gharama za matengenezo zilipopaa baada ya korona na idhini zikachelewa, ndipo zikaanza kujivuta, na mwaka 2022 GEICO ikafunga ofisi zake za mauzo jimboni humo.

Mfanyabiashara anakimbia pale gharama zinapopanda leo na ruhusa ya kupandisha bei inakuja mwaka kesho. Basi kamishna abanwe kwa siku za kujibu, aseme ndiyo au hapana, kampuni ijue moja. Hilo nitaliunga mkono kesho asubuhi. Ila kumlinda dereva asiye na historia ya mikopo ni jambo jingine kabisa, na anayetaka tuyaondoe yote kwa mpigo mmoja aniletee kampuni iliyotoka Massachusetts kwa ajili ya katazo hilo.

Nawe dada, bei unayolipa sasa ni ya mtu aliyekwisha kukaa nchini. Ungeshuka Nashua moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, bila kadi ya benki wala mkopo wowote, ungetozwa hiyo hiyo?