Ukuta wa watu 8 unapenywaje?

Mkazi wa Igoma: Wakuu, nakesha hapa Mwanza nikiangalia futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya kubeba mpira mikononi. Timu yangu ni Army, ya chuo cha jeshi la Marekani, wazee wa kukimbia na mpira. Wapinzani wakijaza watu 8 mbele tunakwama, roho inaniuma! Dawa nini?

Mvuvi Kirumba: Mkuu, mlinzi mmoja wa wapinzani, wa pembeni pale mbele, aachwe makusudi, wenzako wasimzuie. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kugawa mpira, amsome: akimvaa mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira, anakimbia mwenyewe. Akimfuata kwotabeki, mkimbiaji anapewa. Umemtoa mtu bila kumgusa, na mwenzako aliyepaswa kumzuia anakwenda kusaidia kwingine.

Dada wa Ilemela: Na nyuma wamebaki 3 tu! Jifanye unampa mkimbiaji, wakivamia, rusha ndefu.

Mkazi wa Igoma: Asante dada. Hiyo pasi naililia kila wiki.