Baraka Anakuja Alhamisi

Kikundi: Nyumba ya Dani 🏠 (Dani: bibi, kwa Kijaluo)
Jumanne

19:12 Mama Baraka: Hamjambo nyote. Mama, Baraka nitamleta Kisumu Alhamisi asubuhi, nimchukue Jumapili. Semina ya kazi iko Eldoret na siwezi kwenda naye. Sasa mambo ya chakula. Tafadhali someni mpaka mwisho, msinijibu kwa kidole gumba tu.

19:14 Mama Baraka: Anakula ugali mweupe wa unga wa pakiti. Chipsi kavu, bila tomato. Yai la kukaanga lisiloungua pembeni. Mkate mweupe uliotolewa ganda. Ndizi isiyo na doa. Maziwa baridi kwenye kikombe cha bluu. Vitu sita, basi. Kikombe nitakibeba.

19:15 Mjomba Nakuru: 👍

19:15 Mama Baraka: Kaka!!

19:22 Dani: Miaka saba na vitu sita? Mlete. Hapa njaa ikimuuma atatafuta sufuria mwenyewe. Nimelea saba na hakuna aliyeniletea orodha

19:23 Mama Pendo: Mama ameanza 😂

19:26 Mama Baraka: Mama, kwa heshima. Aprili ulisema hivyo hivyo na nikakusikiza. Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana alikunywa maji tu. Hakulia, hakuomba. Hilo la kutoomba ndilo lililonitisha. Akaanza kutapika nyongo tukambeba kwa boda usiku.

19:27 Dani: Nilidhani ni malaria

19:27 Mama Baraka: Alipimwa. Haikuwa.

19:31 Pendo: Dani, habari ya jioni. Naomba niingilie kama mtu wa lishe, si kama mjukuu. Watoto wengi wenye usonji kama Baraka hawasikii njaa vile wewe unaisikia. Tumbo liko tupu na mwili haumwambii. Kwa hivyo njaa haimfundishi kitu. Na si kiburi. Mboga inayoteleza au harufu ya samaki, kwake ni kama uambiwe utafune sponji ya kuoshea vyombo, na sabuni yake.

19:34 Mjomba Nakuru: *Imesambazwa mara nyingi* WAZAZI AMKENI!! Ngano na maziwa ndiyo yanayoleta usonji. Mwondolee mtoto siku 30 uone maajabu. Tuma kwa vikundi 10

19:36 Pendo: Anko, hapana. Ngano haileti usonji, na kuondoa maziwa hakuuondoi. Halafu hebu hesabu: ukimnyima huyu mkate na maziwa anabaki na vitu vinne. Utamlisha upepo wa ziwa?

19:37 Mjomba Nakuru: Nilikuwa natuma tu

19:37 Mama Pendo: Wewe hutuma tu kila siku

19:41 Dani: 🎤 Sauti, 1:48

19:45 Mama Pendo: Kwa walio kwenye matatu: Mama anauliza unga wa duka ni wa nini na yeye ana mahindi ya shamba, amesagisha na mtama na muhogo. Pia anataka bando.

19:46 Mama Baraka: Wa kahawia hataugusa, Mama. Ataona rangi aondoke mezani.

19:49 Pendo: Na kwake pakiti ina faida. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Wa kusagisha mtaani kwa kawaida hauongezwi. Wewe Dani unakula mboga ya osuga, kunde, samaki, hauna shida. Baraka ugali ndio mboga yake.

19:50 Dani: Eti ugali ndio mboga

19:52 Mama Pendo: Si usage omena, hao dagaa, uchanganye na unga? Kliniki walituambia hivyo kwa uji wa watoto

19:58 Mama Baraka: Dada, nilifanya. Februari. Nikanunua omena soko la Kibuye, nikaosha mara tatu, nikatoa vichwa, nikaanika, nikasaga mpaka ikawa kama poda. Kijiko kimoja, sufuria nzima. Alitia tonge moja mdomoni, akalitoa, akaliangalia. Akanusa sahani. Halafu akanusa mkono wangu.

20:01 Mama Baraka: Wiki tatu hakula ugali wowote, hata ule wake. Nilitaka kumwongezea kitu cha saba nikampunguzia kimoja. Ilibidi nimweke kigodani jikoni kila jioni aone nikifungua pakiti, namimina, nasonga. Mpaka leo ananusa kwanza. Kwa hivyo msimfiche kitu kwenye chakula. Hata kwa mapenzi.

20:05 Mjomba Nakuru: Lakini Desemba nilimwona ana mashavu

20:10 Pendo: Mashavu hayasemi yote. Kuna kijana wa Bristol, Uingereza, madaktari waliandika habari zake 2019. Tangu shule ya msingi alikula chipsi, krispi, mkate mweupe, soseji. Uzito wake ulikuwa wa kawaida. Macho yakaharibika kwa kukosa vitamini, B12 ikiwemo. Baraka afadhali ana yai na maziwa, lakini chuma kilikuwa chini alipopimwa damu. Dani, ile dawa yake ya maji usimpe na chai wala maziwa, vinazuia chuma kuingia mwilini. Mpe na maji.

20:31 Dani: Babu yenu

20:33 Dani: Miaka 41 ya ndoa hakuwahi kula samaki mwenye kichwa. Mtu wa Dunga, kwa wavuvi! Nilikata kichwa jikoni nikala mimi kabla ya kumwandalia. Na mchuzi ukigusa ugali sahani inarudi

20:34 Mama Pendo: MAMA. Si ulituambia vichwa ni vya wageni??

20:34 Dani: Ningewaambia nini

20:36 Mjomba Nakuru: Na mimi nilichapwa kwa kukataa apoth, ile mboga ya kuteleza

20:36 Dani: Wewe ulikuwa na kiburi

20:40 Pendo: 😂 Dani, ukitaka kumjaribu na kitu, kata viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyembamba kama chipsi, ukaange. Weka kwenye kisahani chako, si chake. Ule wewe. Usimwambie aonje. Akikinusa tu, siku imekuwa nzuri. Watoto wa kawaida huhitaji kukiona chakula mara kumi na zaidi, huyu atahitaji nyingi kuliko hizo.

20:41 Dani: Nisiseme kitu kabisa?

20:41 Mama Pendo: Hapo sasa ndipo kazi ilipo

Jumatano

16:08 Dani: 📷 Picha

16:08 Dani: Ni hii?

16:15 Mama Baraka: Karibu iwe hiyo, Mama. Pakiti yake ya unga ina mstari mwekundu juu. Hiyo ni kijani.

16:15 Mama Baraka: Lakini usijisumbue na hayo magoti, nitabeba ya kutosha

16:39 Dani: Nimesharudi dukani Kondele. Nimepata nyekundu. Kikombe ni bluu ya mbingu au bluu ya sare ya shule?

16:40 Mama Baraka: Ya sare. Lakini nakibeba, Mama.

16:41 Dani: Na ukikisahau?