Namaliza shahada ya sheria: niende Shule ya Sheria moja kwa moja, au nirudi kwanza nyumbani kutumikia watu?

Binti wa Kilosa ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya sheria hapa Dar es Salaam, na Mungu akijalia nitafanya mitihani ya mwisho miezi michache ijayo. Baada ya hapo, anayetaka kuwa wakili hupita kwanza Shule ya Sheria, kwenye mafunzo ya vitendo. Nimezaliwa na kukulia wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, mtoto wa pili kati ya watano, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Nimesoma kwa mkopo wa serikali na kwa mahindi ya baba.

Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikuwa na lengo moja tu, nalo ni kuwa mwanasheria wa benki. Nilitaka ofisi yenye kiyoyozi na mshahara wa kuwasomesha wadogo zangu, na hadi leo sioni kwamba lilikuwa lengo baya. Mwaka wa tatu nilipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya msaada wa kisheria, na baada ya mafunzo kwisha niliendelea kwenda kila Jumamosi kujitolea. Huko ndiko lengo langu lilipoanza kuyumba.

Wiki yangu ya tatu alikuja mama mmoja aliyeishi na mumewe miaka 19. Mume alikuwa amemwambia aondoke katika nyumba waliyoijenga pamoja. Alifungua mfuko wa nailoni akatandaza mezani cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kuchanika, risiti tatu za mabati, na daftari la kikoba. Nilimweleza kwamba mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, mimi sijawahi kupokea mshahara hata siku moja. Hapo nimechuma nini?"

Nilifurahi, maana jibu nilikuwa nalo. Nilimsimulia shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mchango wa fedha, wa mali au wa kazi. Nilivieleza vizuri, kwa Kiswahili, na mama akatabasamu. Kisha nikamwandikia maombi ya talaka na mgawanyo wa mali, nikamwelekeza aende kuyafungua mahakama ya mwanzo. Msimamizi wangu siku hiyo alikuwa mahakamani, nami sikuona haja ya kumsubiri.

Shauri liliondolewa mahakamani kwa sababu halikuwa na hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 101 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinataka, isipokuwa katika mazingira machache, wanandoa wapite kwanza barazani, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu hicho ninakijua. Kilikuja kwenye mtihani wa sheria ya familia na nilikijibu vizuri, na somo lile nilipata A. Mama yule alikuwa amepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara tatu, kwa fedha aliyoikopa kwenye kikoba kilekile. Aliporudi ofisini hakunilaumu, na kutolaumiwa kule kuliniuma kuliko karipio la msimamizi.

Tangu siku ile nimebadilika. Siandiki neno kabla ya kuuliza mtu ameshapita wapi na ana karatasi gani mkononi. Ila imenijia pia hamu ya kurudi Kilosa, ambako mawakili ni wachache, na ambako migogoro ya wakulima na wafugaji na ile ya mirathi nimeiona tangu utotoni. Swali langu ni hili: je, nirudi nyumbani mwaka mmoja au miwili nijitolee na wasaidizi wa kisheria, kisha ndipo niombe Shule ya Sheria? Au niende Shule ya Sheria mara tu nitakapomaliza, nikijua kwamba gharama yake itaelemea familia, na kwamba nikishazoea Dar es Salaam huenda nisirudi kabisa?

Wakili wa miaka kumi na miwili amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Umeandika kwa uwazi, nami nitakujibu kwa uwazi.

Nenda Shule ya Sheria. Sikwambii hivyo kwa kudharau kazi ya kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na imewapa kazi kubwa ya kuelimisha, kushauri na kuelekeza, ila haikuwaruhusu kusimama mahakamani kumwakilisha mtu. Ukirudi Kilosa na shahada pekee utakuwa na mipaka ileile, na utafika mahali ambapo mama kama huyo anakuhitaji ndani ya chumba cha mahakama nawe umekaa benchi la nje. Zamani hata wakili hakuruhusiwa kuingia mahakama ya mwanzo. Marekebisho ya mwaka 2021 yamefungua mlango pale ambapo hakimu anayesikiliza shauri ni hakimu mkazi (mwenye shahada ya sheria), kwa hiyo wakili anayeishi wilayani ana kazi leo kuliko nilipokuwa ninaanza mimi. Hata ukitaka uhakimu, njia inapita palepale.

Sababu ya pili ni kwamba sheria ya mwenendo wa mashauri husahaulika haraka mno. Unakumbuka matokeo ya Shule ya Sheria yaliyotangazwa mwaka 2022, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu? Nchi nzima ilizungumza, na waziri mwenye dhamana akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze. Watu walibishana kama kosa ni la shule, la vyuo au la wanafunzi. Mimi ninachokiona kila mwaka kwa vijana wanaokuja ofisini kwangu ni kwamba wengi wanajua kanuni na hawajawahi kuandika hati hata moja kwa mkono wao. Wewe umeshaandika, na umeshaona hati yako ikikataliwa. Usiache miaka miwili ipite juu ya ujuzi huo.

Kuna jambo moja ningependa ulirekebishe. Umemsimulia mama shauri la Bi Hawa, nalo tunalinukuu sote kwa heshima. Je, ulimwambia lilivyoishia? Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, lakini rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilikataliwa, kwa kuwa ilionekana mume alikwisha kumpa fedha za kununua nyumba yake naye akazitumia kwa mambo mengine. Kanuni aliyotuachia imewasaidia wanawake wengi, na yeye aliondoka bila sehemu aliyoiomba. Mteja ana haki ya kusikia yote mawili, ili ajue kwamba anakwenda mahakamani na hoja nzuri, na kwamba hoja nzuri nayo inaweza kushindwa kwa ushahidi.

Msaidizi wa kisheria, Masasi amejibu:

Hujambo binti. Mimi si mwanasheria wa chuo. Nimekuwa msaidizi wa kisheria kwa miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Kabla ya kufika kwenye swali lako nina swali langu: hizo risiti tatu za mabati zimeandikwa jina la nani? Nauliza kwa sababu huku kwetu karibu kila risiti ya dukani huandikwa jina la baba, hata kama fedha imetoka kwa mama. Kama risiti ni za mume, basi lile daftari la kikoba ndilo lenye thamani. Tazama tarehe ya mkopo na tarehe ya risiti, kisha mtafute katibu wa kikoba aje kuwa shahidi. Tena angalieni umri wa hati ya baraza mtakayoipata, kwa maana isizidi miezi sita siku ya kufungua shauri. Nimeona watu wakirudishwa kwa hilo baada ya kukaa na hati kabatini wakisubiri mume abadilike.

Sasa nakuja kwenye uamuzi wako. Namheshimu wakili aliyetangulia, na katika la Shule ya Sheria simpingi. Naogopa tu kwamba vijana wetu wanaijua mahakama kabla ya kuijua kazi inayozuia watu wasifike mahakamani. Mwaka jana familia moja hapa iligombana juu ya mikorosho. Marehemu alimwachia mtoto mkubwa shamba kwa mdomo, na wadogo wakasema mikorosho waliipanda wao. Tulikaa chini ya mwembe siku mbili. Tuliwasaidia kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo, wakamteua msimamizi wa mirathi, wakaenda mahakama ya mwanzo wakiwa na barua moja na sauti moja. Wakili hakuhitajika. Alihitajika mtu anayejua kwamba bila muhtasari ule wangerudishwa, na anayejua pia nani katika ukoo akizungumza wengine hunyamaza.

Hayo hufundishwi darasani. Hata hivyo huhitaji miaka miwili kuyaona, miezi michache ya mwanzo inatosha kukufungua macho. Njoo likizo, kaa na wasaidizi wa kisheria wa wilaya yenu, uandike unachokiona. Kisha nenda kasome.

Na lugha, tafadhali. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ilhali ninyi bado mnasoma kwa Kiingereza. Uliweza kumweleza mama yule kifungu cha 114 hadi akatabasamu. Hiyo ni kazi ambayo wenzako wengi hawaiwezi, usiihesabu kuwa ndogo.

Aliyerudi nyumbani kwanza amejibu:

Dada yangu, mimi nilifanya hicho unachokiwaza, kwa hiyo nitakuambia yaliyonipata.

Nilimaliza shahada nikarudi wilayani kwetu kwa nia ya mwaka mmoja. Kazi ya kujitolea niliipenda kwa moyo wote, na hata sasa nikipita sokoni kuna wazee wananisimamisha kunishukuru. Lakini kujitolea hakuna posho ya uhakika, na kwa nyumba iliyomsomesha mtoto kwa mahindi, msomi aliyerudi mikono mitupu ni mzigo wa pili. Mama yangu hakunisema. Majirani walimsema yeye. Mwaka wa pili nikachukua kazi ya muda katika shule moja ya binafsi ili nimlipie mdogo wangu ada, mwaka wa tatu nikaoa, na nilipoingia Shule ya Sheria ilikuwa mwaka wa tano, nikikaa darasani na vijana waliokumbuka kila kitu nilichokisahau. Nimemaliza, namshukuru Mungu, ila nilirudia masomo mawili.

Kuhusu hofu yako ya kuzoea Dar es Salaam, naielewa, na nadhani ndiyo kiini cha swali lako. Sidhani inaponywa na ratiba. Wapo waliokaa Dar es Salaam miaka kumi wakarudi, na wapo waliorudi mara moja wakakimbia baada ya miezi minne. Ninachoweza kukushauri ni hesabu. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Weka hilo, weka ada ya wadogo zako, kisha uone ofisi ya Kilosa inahitaji nini ili isife: pango la chumba kimoja, kompyuta, printa, nauli ya kwenda mahakamani. Mawakili wawili wakichangia chumba, mashauri ya wanaolipa yanaweza kubeba ya wasioweza kulipa. Mimi na mwenzangu tunafanya hivyo tangu mwaka juzi, na siku za msaada wa bure ni Jumatatu na Alhamisi.

Binti wa Kilosa ameandika tena:

Nimesoma majibu yote mara mbili, na la mwisho nimemsomea baba kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza printa ni shilingi ngapi.

Wakili, ni kweli, sikumwambia mama mwisho wa shauri la Bi Hawa, kwa sababu darasani tulikariri kanuni tukaacha matokeo. Jumamosi iliyopita nilimweleza. Aliuliza mara moja fedha zile Bi Hawa alipewa kwa maandishi au kwa mdomo, nikatambua kwamba anafikiri kama mtu anayejiandaa kutoa ushahidi.

Mzee wa Masasi, risiti zote tatu zimeandikwa jina la mume, kama ulivyosema. Katika daftari kuna mkopo uliochukuliwa siku mbili kabla ya risiti ya kwanza, na katibu wa kikoba bado yupo na amekubali kuja. Kiasi cha mkopo na bei ya mabati vimepishana kwa shilingi elfu nne, ambazo mama anasema zilikuwa za misumari.

Nimeamua kuomba Shule ya Sheria mara tu nitakapopata matokeo. Miezi ya kusubiri nitakuwa Kilosa na wasaidizi wa kisheria, nami nimeshaandika barua ya kuomba kupokelewa, safari hii nikimwonyesha msimamizi kabla ya kuituma. Kuhusu chumba cha kuchangia, kuna mwenzangu wa darasani anayetoka Mvomero, wilaya jirani na yetu, ambaye nitazungumza naye baada ya mitihani.

Hati ya baraza ilipatikana, na ilikuwa na mwezi mmoja na nusu tulipofungua shauri upya. Limepangwa kusikilizwa Jumanne ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Nitampitia mama kituoni saa moja, tupande gari pamoja.